Kilichopita kwenye matundu ya chekeche

(Hotuba niliyoitoa jioni moja mbele ya wanafunzi na wananchi, baada ya kustaafu uchimbaji. Nimeinyoosha kidogo kwa ajili ya wasomaji, ila mizaha nimeiacha mahali pake.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno mazuri kuliko ninavyostahili. Amesema nimetumia miaka 34 kuchimba. Kwa heshima zote, naomba nimsahihishe. Kuchimba nimechimba, lakini ukizihesabu siku moja moja utakuta sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kufua udongo. Ndiyo, kufua. Unajaza pipa maji, unamimina ndoo ya udongo uliotoka shimoni, unakoroga kwa mkono bila pupa. Udongo unazama, mkaa na mbegu zilizoungua vinaelea. Unavikinga kwa kitambaa chepesi, unavianika kivulini, kisha unainamia hadubini wiki tatu mpaka shingo ikukatae. Sijawahi kumwona mwandishi wa habari siku ya kufua udongo. Wao huja siku ya fuvu.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mafunzo niliyoyapata katika kuchunguza jinsi watu wa kale walivyoishi na mazingira yao. Nitazungumzia makosa. Hayo ndiyo ninayoyajua kwa undani.

La kwanza lilinipata kijana. Nilikuwa nimeota makaburi na kuta ndefu, nikapangiwa jaa. Jaa ni pale watu wa makazi fulani walipotupa majivu, mifupa na vigae, mwaka baada ya mwaka, mpaka pakawa kilima kidogo. Hili letu lilikuwa kwenye ufuo wa zamani wa ziwa. Tulipepeta udongo wake kwa chekeche lenye matundu ya milimita tano, kwa sababu msimu ulikuwa mfupi na fedha zilikuwa chache. Likatupa mifupa ya wanyama wakubwa, vigae, makombe mawili matatu. Mifupa ya samaki tuliihesabu kwenye vidole vya mkono mmoja.

Nikarudi, nikaandika ripoti. Ndani yake nikasema wakazi hao, ingawa walikaa kando ya maji, samaki hawakuwashughulisha. Sikuishia hapo. Nikaeleza sababu: huenda walikuwa na mwiko wa kula samaki. Nikanukuu na mifano ya jamii nyingine zenye mwiko kama huo, maana nilikuwa kijana niliyesoma. Basi mtu mwenye mwiko wa mwashi mkononi akawazulia marehemu mwiko mwingine.

Bahati nzuri mkuu wa uchimbaji ule alikuwa na tabia iliyotukera sote: katika kila uchimbaji alihifadhi mifuko michache ya udongo bila kuipepeta. Ilitubidi kuibeba. Karibu miaka ishirini baadaye mwanafunzi wangu mmoja, binti mtulivu asiyependa kubishana, akaomba ruhusa ya kufungua mfuko mmoja. Akaufua, akatumia chekeche la nusu milimita. Alinifuata ofisini akiwa na sahani ndogo, akaiweka mezani, akasema, “Mwalimu, samahani.” Sahani ilikuwa imejaa pingili za uti wa mgongo wa samaki wadogo, kila moja sawa na kichwa cha pini. Wale watu walikuwa wakila samaki karibu kila siku. Samaki wao walipita kwenye matundu yetu wakarudi ardhini.

Tangu siku ile, nikisoma kwamba watu wa zamani hawakufanya jambo fulani, naulizia chekeche lilikuwa la ukubwa gani. Na chekeche si lazima liwe la waya.

Chukueni chavua, ule unga wa maua. Mwaka 1916 mwanajiolojia wa Sweden, Lennart von Post, alitoa hotuba mjini Kristiania, ambao leo ni Oslo, akaonyesha kwamba chavua iliyonaswa kwenye matope ya vinamasi inaweza kuhesabiwa tabaka kwa tabaka na kutueleza misitu ilivyobadilika. Hiyo ilikuwa hotuba. Hii ya kwangu ni mazungumzo tu. Ganda la chavua ni gumu ajabu, linaweza kukaa maelfu ya miaka topeni na bado ukaona chini ya hadubini kwamba huu ni msonobari na hili ni jani la jamii ya nyasi. Lakini mimea haisemi kwa sauti moja. Ile inayotegemea upepo, kama misonobari na nyasi, humwaga chavua kama inayopiga kelele sokoni. Ile inayotegemea nyuki hunong’ona. Mgomba wa kulimwa ndio haufungui mdomo kabisa: tunda lake halina mbegu na chavua yake si ya kutegemewa. Unaweza kuwa na bonde zima la migomba, na matope ya ziwa lililo chini yake yakaapa kwamba hapakuwa na mkulima. Kuupata mgomba inabidi utafute fitolithi, vijiwe vidogo mno vya silika vinavyojengeka ndani ya majani na kubaki jani likishaoza.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ndilo lililonigeuza.

Fani yetu ilipoanza kuyachukulia mazingira kwa uzito, swali lililotutawala lilikuwa la kipolisi: nani aliharibu? Tulitoboa matope ya maziwa, tukaona mahali chavua ya miti inaposhuka na vumbi la mkaa linapopanda, tukasema hapo ndipo walipofika watu, na hapo ndipo msitu ulipoanza kufa. Nami nimechora michoro hiyo. Mmoja nilijivunia sana. Mkaa ulipanda juu ukabaki juu kwa karne tatu hivi, nami nikaandika chini yake “awamu ya uharibifu”.

Msimu uliofuata nilimwonyesha mchoro ule mzee mmoja aliyekuwa akitusaidia kubeba ndoo. Nilimweleza mstari wa mkaa ulivyopanda na maana yake. Aliutazama kwa muda, akaniuliza, “Mwanangu, huu moto waliuwasha mara moja au kila mwaka?” Nikamwambia kila mwaka, inavyoonekana. Akacheka kwa upole. Akasema mtu hateketezi msitu uleule miaka mia tatu mfululizo. Ukiona moto kila mwaka, basi kuna mtu anachoma majani mapema, yangali na unyevu, ili moto mkubwa wa kiangazi ukija usikute chakula. Kwao walikuwa wakifanya hivyo.

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye takwimu zangu nikaona jambo lililokuwa wazi kwa yeyote asiye na haraka: katika karne zile tatu chavua ya miti ilishuka mwanzoni, kisha ikatulia. Haikuendelea kushuka. Nilichokiita uharibifu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, utunzaji.

Hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema jioni hii. Anayeharibu huacha ushahidi. Moto mkubwa huacha tabaka jeusi, mmomonyoko huacha udongo mwekundu ziwani, njaa huacha alama kwenye meno ya watoto. Anayetunza huacha nini? Mtu aliyekata matawi badala ya mti, aliyepumzisha shamba miaka minane, aliyekwenda kuzibua mfereji alfajiri, kazi yake ikifanikiwa hakuna kinachotokea. Na sisi wanaakiolojia hatuna chombo cha kupimia kisichotokea. Kwa hiyo historia yetu ya mazingira imejaa wahalifu. Huenda hata watunzaji walikuwa wengi; wamepita kwenye matundu.

Lakini mara mojamoja ananaswa mmoja. Wilaya ya Kissidougou nchini Guinea ina vijiji vilivyozungukwa na vichaka vinene vya msitu, na nje ya vichaka ni nyika. Maofisa wa ukoloni, na wengine waliowafuata, walisema visiwa hivyo vya miti ni mabaki ya msitu mkubwa uliomalizwa na wanakijiji. Katika miaka ya 1990 wanaanthropolojia James Fairhead na Melissa Leach walifanya kitu rahisi. Waliwauliza wazee, wakalinganisha picha za anga za mwaka 1952 na picha za setilaiti za miaka arobaini hivi baadaye. Mahali pengi miti ilikuwa imeongezeka. Wazee walikuwa wakisema hivyo siku zote: kijiji kilianza nyikani, na msitu ukaoteshwa na waliokikalia. Kwa miaka mingi watu walilaumiwa kwa kuumaliza msitu walioupanda wenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, ni wa samadi. Msicheke.

Kusini mwa Kenya, katika kaunti ya Narok, ukitazama nyika kutoka juu unaona madoa ya majani mabichi, mviringo, hayana miti, na wanyama wa porini wanayapenda. Mgeni huona kazi ya maumbile. Mwaka 2018 kundi la watafiti, akiwemo Fiona Marshall, lilitoa matokeo ya uchimbaji katika maeneo matano ya namna hiyo. Walikuta chini ya majani udongo wa kijivu, laini, ambao ni samadi ya kale ya mazizi ya wafugaji. Umri wake ni kati ya miaka 1,550 na 3,700.

Hebu tufuatilie jambo hili polepole, maana ni zuri. Mchana mifugo hutawanyika, inakula majani ya eneo kubwa ambalo udongo wake ni maskini. Jioni inarudishwa zizini, nayo inashusha pale ilichokusanya kutwa: fosforasi, kalsiamu, magnesi, nitrojeni. Fanya hivyo miaka kadhaa, na zizi linakuwa akiba ya rutuba ya eneo zima. Kisha wafugaji wanahama. Majani yanaota pale mazuri kuliko jirani, pundamilia na swala wanakuja kuyala, nao wanaacha kinyesi, na rutuba inajirudisha. Watafiti walitambua samadi kwa dalili kadhaa, na mojawapo ni vidonge vya kalsiamu visivyoonekana kwa macho ambavyo hujengeka ndani ya utumbo wa wanyama wanaocheua. Zaidi ya miaka elfu tatu baada ya ng’ombe wa mwisho kutoka kwenye zizi la kale kuliko yote, rutuba bado ingali juu. Nyika ambayo watalii huipiga picha kama pori lisiloguswa, kwa sehemu fulani, ina mkono wa mfugaji.

Na Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya kingo za Bonde la Ufa. Wengi wenu mmeisikia: hekta zipatazo 2,000 za matuta ya mawe na mifereji, zilizolimwa kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha zikaachwa. Kwa muda mrefu mawe yale yaliangaliwa kwa swali la kwa nini waliondoka. Mwanaakiolojia Daryl Stump na wenzake waliuliza kwanza mashamba yalijengwaje. Wakachimba kupita kwenye matuta, wakakuta kwamba sehemu ya mashamba yale si ardhi iliyokuwepo ikalimwa. Wakulima walipanga mawe kukinga maji ya mafuriko, maji yakapungua kasi, yakaacha mashapo, na mashapo yakawa shamba. Kisha wakaongeza mstari mwingine wa mawe. Kitu ambacho kwenye mchoro wangu wa ziwani ningekiandika “mmomonyoko”, watu wale walikuwa wakikitega kama samaki.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nasema watu wa kale walikuwa malaika wa mazingira. Hiyo ni hadithi ya uvivu kama ile ya kwanza, imegeuzwa tu ndani nje. Watu walimaliza aina nyingi za ndege katika visiwa vya Pasifiki, hilo halina ubishi, mifupa ipo. Ninachopinga ni kuiandika hukumu kabla ya ushahidi.

Greenland, kwa mfano. Walowezi kutoka Iceland walifika huko yapata mwaka 985 na ng’ombe na kondoo wao. Habari ya mwisho iliyoandikwa kuwahusu ni ya harusi, katika kanisa la Hvalsey, mwaka 1408. Kuta za kanisa bado zimesimama. Baada ya hapo kimya, na katikati ya karne ya 15 hawapo tena. Hadithi iliyoenea ilikuwa kwamba baridi ilizidi, nao kwa ukaidi wakang’ang’ania ng’ombe na desturi za Ulaya mpaka wakafa njaa ukingoni mwa bahari iliyojaa chakula. Hadithi tamu, maana inamfanya msikilizaji ajione mwerevu.

Halafu ikaja kemia. Mifupa ya mtu hutunza alama ya alichokula, na isotopu za kaboni, yaani atomu za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, za chakula cha baharini si sawa na za chakula cha nchi kavu. Walipopima mifupa ya makaburini Greenland, walikuta kwamba mwanzoni chakula cha baharini kilikuwa kama asilimia 20 ya mlo, na mwishoni kilifika hadi kama asilimia 80. Majaa yao yanasema vivyo hivyo: yamejaa mifupa ya sili. Walibadilika, tena sana. Na bado makazi yakafikia mwisho. Meno ya walarasi, wanyama wakubwa wa bahari ya baridi, waliyokuwa wakiyauza Ulaya yalikuwa yamepoteza soko, barafu ilizuia meli, vijana huenda waliondoka mmojammoja. Ukweli huu ni mgumu kumeza kuliko ukaidi. Unasema unaweza kufanya karibu yote yanayokupasa na bado harusi yako ikawa ya mwisho.

Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka katika Pasifiki, nitaipita haraka kwa sababu mmeisikia mara nyingi: watu waliokata miti yote wakajimaliza. Miti iliisha, kweli, na panya waliofika kwa mitumbwi walichangia, kwa kuwa meno yao yameacha alama kwenye mbegu. Lakini uchunguzi wa vinasaba vya wakazi 15 wa kale, uliotolewa mwaka 2024, haukuona dalili ya watu kuporomoka katika miaka ya 1600. Kilichoporomosha idadi tunakijua kwa maandishi: wateka watumwa kutoka Peru mwaka 1862, na magonjwa. Mwaka 1877 walibaki watu 111. Sielewi kwa nini habari ya miti imesimuliwa mara nyingi kuliko habari ya wateka watumwa. Au labda naelewa.

Kuna kikwazo kingine cha kiufundi ambacho wanafunzi wanakijua na wananchi hawaambiwi: tarehe. Tangu mwanakemia Willard Libby atupatie kipimo cha radiokaboni mwishoni mwa miaka ya 1940, kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1960, tunaweza kupima umri wa kitu chochote kilichokuwa hai, hadi kama miaka 50,000 nyuma. Ila jibu linakuja na shaka yake. Maabara inakwambia kijiji kiliachwa mwaka fulani, ongeza au punguza miaka 40. Ukame, nao, uliua mazao miaka sita. Unawezaje kuapa mahakamani kwamba ukame ule ndio uliowahamisha, na si vita vya miaka ishirini kabla yake? Pete za miti ndizo zinazohesabu mwaka hadi mwaka, na kusini magharibi mwa Marekani zimeonyesha ukame mkubwa kati ya 1276 na 1299, wakati ule ule vijiji vya magenge ya Mesa Verde vilipohamwa. Basi, kesi imekwisha? Hapana. Watu wale walikuwa wamevuka ukame mwingine kabla ya huo bila kuhama wote.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu hukumu zetu hutumika. Mtu akiamini kwamba nyika ni safi pale tu isipokuwa na watu, atawaondoa watu. Mbuga ya Yellowstone ilitangazwa mwaka 1872 na wenyeji wake wakasukumwa nje. Huko huko Marekani, mwaka 1935, Idara ya Misitu iliweka kanuni kwamba kila moto uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Makovu kwenye pete za misonobari yalikuwa yakieleza kwamba misitu ile ilizoea moto mdogo wa mara kwa mara, mwingine wa radi na mwingine wa watu. Moto mdogo ukazuiwa, kuni zikarundikana, na sasa wanapambana na moto mkubwa. Mzee wangu wa ndoo angewaambia bure.

Mwaka 2019 wanaakiolojia zaidi ya 250 waliunganisha wanachokijua kuhusu maeneo yao duniani kote. Picha iliyopatikana ni kwamba kufikia miaka 3,000 iliyopita sehemu kubwa ya dunia ilikuwa tayari imebadilishwa na wawindaji, wakulima na wafugaji. Tukitafuta pori lisiloguswa ili tuliweke kama kipimo, tumechelewa sana.

Nimalizie na Star Carr, huko Yorkshire, Uingereza. Kati ya 1949 na 1951 Grahame Clark alichimba pale makazi ya wawindaji kando ya ziwa lililokauka, yenye umri wa zaidi ya miaka 10,000, na akatoa vichwa vya kulungu vilivyotobolewa ili vivaliwe, karibu vyote katika hali nzuri, kwa sababu tope lile jeusi lilikuwa limejaa maji na hewa haikupita. Wenzetu walirudi baada ya mwaka 2000. Mashamba ya jirani yalikuwa yamechimbiwa mitaro ya kutolea maji, tope likapata hewa, likawa tindikali. Mifupa mingine waliyoitoa ilikuwa laini, inapinda mkononi. Iliyokaa miaka elfu kumi ilikuwa imeharibika ndani ya miaka hamsini.

Ndiyo maana nami sasa nina tabia ile ya kukera. Katika kila shimo nimeacha ukuta mmoja bila kuuchimba, na katika kila tabaka nimeweka mifuko ambayo hakuna aliyeifungua. Ile ya mkuu wetu, ya jaa la ziwani, ilikuwa minne. Binti yule alifungua mmoja. Mitatu iko stoo, rafu ya chini, mkono wa kushoto, na maandishi yangu ya ujanani juu yake: mraba, kina, tarehe. Nimemkabidhi yeye ufunguo. Aliniuliza ni lini inafaa kufua wa pili, nikamwambia asubiri mpaka atokee mtu mwenye chekeche asilolijua yeye wala mimi. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, akaniuliza kama kuna dawa ya mchwa kwenye zile rafu.

Hakuna. Kesho asubuhi nitaipeleka. Mwenyekiti, naona mikono imeanza kunyooshwa kule nyuma.